Mapipa Matatu Chini ya Maji Maangavu

Eugene aliambiwa kwamba kuna nyambizi imelala chini ya njia ya boti, na kwamba mbele yake kuna mabomu matatu. Aliambiwa kwa simu, mchana kweupe, na watu waliokuwa wakielea juu ya mabomu hayo. Akajibu, "Sawa, nitawaambia wa nyuma." Hakuwaambia. Watu wanne wakafa, na mmoja wao alikuwa Joram, mdogo wake Kwamboka. Kisha Eugene akakaa ofisini penye kiyoyozi akaandika kwamba hakupigiwa simu na mtu yeyote, kwamba Joram alitoka nje ya njia kwa uzembe wake, na kwamba mwanamke aliyekuwa akitazama maji kwenye boti ya kwanza hajasoma, hana cheti cha bahari, wala hakuona kitu.

Mwanamke huyo ndiye Kwamboka. Doha watu wanamwita Mama Chelsea, kwa jina la binti aliyemwacha Keroka akiwa na miaka tisa na ambaye sasa ni mkubwa kumshinda kimo. Ana miaka arobaini na saba. Shule aliiacha darasa la pili, siku mama yake alipojifungua Joram na hapakuwa na mtu mwingine wa kumbeba. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini Kwamboka hajui kusoma, jibu ni Joram, na hajawahi kumlaumu kwa hilo hata siku moja. Yeye ndiye aliyemtafutia kazi Qatar. Yeye ndiye aliyempokea uwanja wa ndege akiwa amevaa sweta katikati ya mwezi wa saba.

Cheti hana, ni kweli. Lakini macho anayo, na kampuni ya boti aliyoifanyia kazi ilikula kwa macho yake miaka sita.

Kabla ya vita, boti yao ilikuwa ya watalii. Kila mwaka joto linapoanza, papa shilingi hukusanyika kaskazini, baharini mbali kabisa, wakubwa kama lori, wapole, mgongo wote madoadoa. Wazungu na Waarabu walikuwa wakilipa kwenda kuogelea nao. Kwamboka alikuwa wa jikoni: sambusa, chai ya karak, kupangusa meza. Siku moja alitoka kumwaga maji machafu akamwonyesha nahodha papa ambao mtazamaji mwenye miwani ya bei alikuwa hajawaona. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu nahodha, Mike, mtu wa Kilifi asiye na maneno mengi, akamwambia, "Mama Chelsea, acha sufuria. Wewe kaa mbele."

Akakaa mbele. Wakapatana alama. Mkono wazi juu maana yake nimeona. Mkono pembeni maana yake geuka huku. Ngumi maana yake zima injini sasa hivi. Papa shilingi akisikia injini karibu huzama, kwa hiyo ngumi ikipanda tu, Mike huzima bila kuuliza, boti ielee yenyewe hadi juu ya mnyama, na watalii waruke. Walifanya hivyo mara mamia. Ilifika mahali mkono wa Mike ulikuwa unazima injini kabla kichwa chake hakijajua.

Vita vilipoingia Ghuba, watalii wakakatika siku moja kama umeme. Meli kubwa zikakataa kutoka bandarini, maana nyambizi ndogo zilikuwa zimeanza kuzunguka, zikitega mabomu usiku na kulala chini mchana. Bahari ya huku haina kina na maji yake ni maangavu. Ndege ikipita juu saa sita mchana inaona mpaka kivuli cha samaki. Nyambizi ikisogea inatifua mchanga, na mchanga ukitifuka imeonekana. Kwa hiyo inajilaza tuli mpaka giza. Hayo wote waliyajua. Waliambiwa pia kwamba mabomu ya chini husikia chuma: meli ya chuma ikipita juu, yanaamka.

Kwenye mtambo mmoja wa mafuta walikuwa wamebaki wafanyakazi ambao hakuna aliyetaka kwenda kuwachukua. Kampuni ikaichukua ile kazi. Ikatoa boti mbili. Ya kwanza ya Mike, ya watalii, ambayo ni ya faiba, plastiki ngumu isiyo na chuma. Ya pili ilikuwa boti nzito ya chuma iliyozoea kubeba maji na dizeli, na nahodha wake alikuwa Joram.

Kulikuwa na sharti moja. Redio za boti zilifungwa kwa utepe mwekundu wenye muhuri, kwa sababu adui alikuwa anasikiliza. Kila boti ilipewa simu ya setilaiti ya kuongea na ofisi tu. Boti na boti haziongei. Ukiwa na neno la kumwambia mwenzako, unamwambia Eugene, na Eugene anampigia mwenzako. Eugene, kijana wa Nairobi mwenye digrii, ndiye aliyekuwa mdomo na sikio la wote.

Asubuhi hiyo bandarini Al Wakrah, Joram alikuja kwenye boti ya dada yake kuomba majani ya chai.

"Dada, leo watalii wako ni wa aina gani?"

"Wenye helmeti."

"Basi usiwafanye waruke."

Onyango, fundi wa injini, akacheka kutoka chini. "Joram, hilo sanduku lako la chuma litafika kweli? Tutakungojea mpaka Krismasi."

"Wewe na plastiki yako nyamaza," Joram akamjibu. "Beseni la kuogea limewekewa injini."

Akachukua majani ya chai, na sukari ambayo hakuiomba, akaenda zake.

Walifika mtamboni salama. Boti ya Mike ikapakia wafanyakazi thelathini na wanne na kuondoka kwanza. Ya Joram ilikuwa ipakie mashine na watu wa mwisho, ifuate njia ileile nusu saa baadaye. Njia ya kurudi ilikuwa moja, si ile waliyojia asubuhi. Ndiyo waliyoambiwa kwamba imekaguliwa.

Karibu na adhuhuri walifika kwenye fungu jeupe. Kwamboka alilijua fungu lile kama anavyojua sakafu ya jikoni kwake. Kina kama mita kumi na nane, mchanga mweupe, mabaka mawili ya majani ya bahari, moja kama figo na lingine kama kiatu. Jua lilikuwa utosini. Upepo hakuna. Alikuwa amelala kifudifudi mbele, kidevu kwenye mbao, akiona kivuli cha boti yao kikitambaa chini.

Akaona baka la tatu.

Lilikuwa refu, rangi ya majani yaliyofifia, na ubavu wake mmoja ulikuwa umenyooka. Majani ya bahari hayaoti kwa rula. Mgongoni lilikuwa na nundu, na nundu ile ilikuwa na kivuli chake peke yake. Tena samaki hawakuwepo. Chombo kilichozama zamani huwa na samaki kama soko. Hiki kilikuwa safi. Mbele yake, kwenye mchanga, kulikuwa na mapipa matatu yamepangwa mstari, hatua sawa kati ya moja na jingine, na boti yao ilikuwa inakaribia kabisa pipa la kwanza.

Kwamboka akapandisha ngumi.

Hakufikiri. Miaka sita mkono ule ulikuwa umefanya hivyo kila alipoona kitu kikubwa chini, na ukafanya tena. Mkono wa Mike nao ukafanya kazi yake. Injini ikazima. Boti ikaanza kuelea, polepole, kuelekea kule kule alikoona, kama ilivyozoea.

Hapo ndipo akaelewa alichofanya. Angepiga mkono pembeni wangegeuka. Sasa walikuwa juu ya mabomu, wametulia, na watu thelathini na wanne.

"Papa?" Mike akauliza kwa sauti ya kawaida.

Kwamboka akageuza uso. "Si papa. Usiwashe. Mike, nakuomba, usiwashe."

Mike akaja mbele akipiga magoti. Akaangalia. Jasho likamtiririka puani likadondokea maji, na wote wawili wakalitazama lile tone kama kwamba lingesikika chini.

"Nyambizi," akanong'ona.

"Na yale mapipa?"

"Usinionyeshe kwa kidole. Nimeyaona." Akaigeukia injini. "Sisi ni faiba. Lakini injini ni chuma. Sijui kama inatosha kuyaamsha. Onyango!"

"Naam?"

"Usiguse kitu. Hata spana usiweke chini."

Habari ilipita kwenye boti bila mtu kuitangaza. Wanaume wakubwa walikaa wameshika magoti. Mmoja akavua viatu vyake vyenye chuma mbele, akavipakata kama mtoto. Pipa la kwanza likapita chini yao. Kwamboka aliona kamba fupi imelizunguka na maandishi meupe ambayo hata kama angejua kusoma asingeyasoma.

Ndipo simu zikalia adhana. Simu kama kumi na tano kwa pamoja, mifukoni, kwenye mabegi, nyingine zimeachana sekunde mbili tatu, sauti kumi na tano zikiita swala katikati ya bahari tulivu. Watu wakarukia mabegi yao. Mzee mmoja wa Bangladesh hakuipata yake, ikaendelea kuita peke yake mpaka jirani yake akaikalia.

Chini, kwenye mkia wa ile nyambizi, mchanga ukatifuka kidogo. Wingu dogo tu, kama moshi wa sigara. Kisha ukatua. Wale watu wa chini walijua kuna chombo juu yao. Wakisogea, ndege ingewaona. Na hawa wa juu wakiwasha injini, hawakujua nini kingetokea. Kila upande ulikuwa umebana pumzi.

Pipa la pili likapita. La tatu likapita ubavuni, hatua tano. Mkondo ulikuwa unawasukuma upande mzuri, lakini kwa mwendo wa mgonjwa.

"Joram," Kwamboka akasema. "Joram ana chuma tupu. Yuko nyuma yetu, njia hii hii."

Mike alikuwa ameshashika simu ya setilaiti. Akapiga ofisini, akaweka sauti ya nje chini kabisa, na Kwamboka akainamisha sikio. Alisikia kila neno. Angekuwa amesoma angeyaandika. Hakusoma, kwa hiyo ameyashika kichwani, na hayajapungua hata moja.

"Eugene, sikia. Tuko juu ya fungu jeupe. Kuna nyambizi imelala chini. Kuna mabomu matatu kwenye njia. Mwambie Joram asimame. Asipite hapa."

"Wacha! Nani ameona?"

"Mama Chelsea ameona."

Kikapita kicheko. "Mathe wa jikoni? Ameona nguva huyo, bro. Ama takataka. Nikipiga ripoti ya nyambizi wanafunga njia yote, tunalala huko wiki nzima."

"Eugene, mimi mwenyewe nimeona kwa macho yangu."

Karatasi zikachakarika. "Sawa. Sawa, nitawaambia wa nyuma. Nyinyi songeni, msikae kwa laini."

Ikakatika.

"Amesema atawaambia," Mike akasema, kana kwamba Kwamboka hakusikia.

"Alikuwa anacheka."

"Amesema atawaambia."

"Fungua redio, Mike. Kata huo utepe umwite Joram."

Mike akaitazama redio na utepe wake mwekundu. "Nikiongea kwenye hii, aliye chini yetu anasikia kabla ya Joram. Tumepita mita mia hata hazijafika. Nina roho thelathini na nne hapa, Mama Chelsea. Na amesema atawaambia."

Kwamboka aliuwekea utepe ule mkono. Aliuhisi chini ya kidole gumba, plastiki nyororo, umeinuka kidogo pembeni. Angeuvuta tu. Akawageukia wale watu, yule aliyepakata viatu, yule mzee ambaye simu yake ilikuwa imekaliwa. Akautoa mkono.

Waliachia boti ielee karibu dakika ishirini. Walipokuwa mbali kiasi cha kuliona lile fungu kama kitambaa cheupe nyuma yao, Onyango akawasha injini huku amefumba macho. Haikutokea kitu. Watu wakaanza kupumua, wengine kucheka cheko la ovyo. Mtu akampa Kwamboka maji. Hakuyanywa. Alikuwa amekaa nyuma ya boti sasa, akitazama walikotoka.

Aliuhisi kwenye nyayo kwanza, kama mtu amegonga sakafu ya boti kutoka chini. Kisha akaona nguzo nyeupe ya maji ikisimama mbali, nyembamba, ndefu, ikakaa hewani muda mrefu kuliko inavyopaswa maji kukaa. Sauti ikaja mwisho.

Mike hakugeuza boti. Hakuweza, na Kwamboka hamlaumu kwa hilo. Anamlaumu kwa jingine.

Watu sita walikuwa kwenye boti ya Joram. Wanajeshi wa majini waliokota wawili hai. Mmoja ni Athanas, Mganda, baharia wa sitaha. Kwamboka alimkuta hospitalini amefungwa shingo na mkono.

"Athanas, simu yenu ililia?"

"Simu gani, mama?"

"Ya ofisi. Adhuhuri. Kabla."

"Haikulia kabisa. Ilikuwa mbele ya Joram pale, kando ya kikombe. Tulikuwa tunakunywa chai. Yeye ndiye alikuwa anatuambia, chai hii ni ya dada yangu." Akajaribu kuinuka. "Mama, kwani kuna mtu alijua?"

Wiki mbili baadaye Athanas alirudishwa kwao. Wale thelathini na wanne nao wakatawanyishwa, Bangladesh, Nepal, Uganda, kila mmoja na begi lake. Wote walisikia adhana ikilia, wakamwona Mike akipiga simu. Hakuna aliyewauliza.

Ripoti ilipotoka, Kwamboka alisomewa na Hadijah, anayeishi naye chumba kimoja, mfanyakazi wa hoteli kutoka Jinja. Hadijah alisoma huku anatafsiri, akafika katikati akasimama.

"Soma."

"Mama Chelsea, kesho basi."

"Soma nikisikia."

Akasoma. Hakuna onyo lililopokelewa ofisini. Nahodha wa boti ya pili alitoka nje ya njia. Mtazamaji wa boti ya kwanza, mhudumu wa jikoni asiye na elimu, alitoa alama ya papa, hivyo boti ikasimama bila sababu. Chini kulikuwa na jina la Eugene. Chini yake kulikuwa na maelezo ya Mike, mstari mmoja: hakumbuki kama alipiga simu.

Ile alama ya ngumi walioandika waliijua. Basi kuna mtu aliwasimulia yote, wakachagua ya kuandika.

Ijumaa Kwamboka alikwenda Al Thumama anakokaa Eugene. Kijana alifungua mlango amevaa kaptula, rimoti mkononi. Ndege zilikuwa zimeanza kuruka tena, na moja ikapita chini juu ya paa, ikabidi wangoje.

"Mathe. Pole sana na msiba, kwanza. Nilitaka kukutafuta."

"Mike alikupigia."

"Mathe, tusilete vurugu hapa, majirani..."

"Ulicheka. Ukasema nguva. Ukasema nitawaambia wa nyuma. Ukasema msikae kwa laini. Ni uongo?"

Eugene akatazama ngazi, juu na chini. Akapunguza sauti. "Unajua siku hiyo nilikuwa na simu ngapi? Unajua mara ngapi watu wamepiga wameona nyambizi, kumbe kopo? Nilikuwa nipige. Nikapokea nyingine, nikasema namaliza hii napiga. Dakika kumi, mathe. Nilichelewa dakika kumi."

"Basi andika hivyo."

"Nikiandika hivyo naenda jela."

"Joram yuko wapi?"

Eugene akaitazama rimoti mkononi mwake.

"Umeandika alitoka njiani. Mkewe ameletewa hiyo karatasi nyumbani. Baba yetu amesomewa hiyo karatasi na mchungaji, mbele ya watu."

"Hata ukisema, nani atakuamini? Samahani kusema hivyo, lakini nani? Mike hakumbuki. Onyango alikuwa chini na injini. Wewe hujui hata kusoma hiyo karatasi unayoilalamikia." Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hilo ndilo lililomkasirisha Kwamboka kuliko yote, kwamba alikuwa analia na bado anakataa. "Enda nyumbani, mathe. Tafadhali."

Akafunga mlango bila kuupiga, kwa adabu.

Sasa Kwamboka anafua shuka kwenye hoteli moja Lusail. Bahari anaiona kutoka dirisha la ghorofa ya kufulia, na huwa haiangalii. Charity, mke wa Joram, humtumia ujumbe wa sauti kwa sababu anajua wifi yake hasomi. Wa mwisho ulikuwa mfupi. "Dada, niambie tu ukweli. Watu hapa wanasema alikuwa mkaidi, alitaka kuwapita nyinyi, ndiyo akatoka njiani. Watoto wanaulizwa shuleni. Alikaidi?"

Kwamboka alimjibu kwamba hakukaidi, kwamba alikuwa kwenye njia aliyopewa, anakunywa chai. Akamweleza yote, pamoja na habari ya utepe na kidole gumba chake, maana hakutaka kumficha hata hilo. Charity alimwamini. Lakini neno la Kwamboka halifuti karatasi. Karatasi iliandikwa na mwenye digrii, na itafutwa na yeye tu.

Mike anadaiwa ushahidi. Alishika simu kwa mkono wake, jasho likimdondoka puani, na anakumbuka. Na Eugene anadaiwa maneno machache sana, kwa maandishi na kwa jina lake, yapelekwe Keroka kwa Charity na kwa baba yake Joram, yasomwe mbele ya watu walewale: Niliambiwa. Sikumwambia. Joram alikuwa njiani.